Chumba Kisichotaka Kuisha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka saa nne asubuhi bila hodi, ikanikuta juu ya jukwaa na karai la zege kichwani. Nimeanza daftari hili leo. Nimesoma mpaka darasa la sita tu na mwandiko wangu ni kama kuku amepita, lakini jambo likishaandikwa halinigeuki kesho yake.

Jana mke wangu alipiga simu kutoka nyumbani. Akasema hivi: "Baba watoto, miaka minne imetosha. Mvua hizi zikikatika hujafika, nafunga mlango, ufunguo namwachia kaka yako, mimi na watoto tunarudi kwetu." Hakulia, hakupaza sauti. Angepaza sauti ningelala vizuri.

Kwa hiyo nina msimu mmoja. Kazi iliyobaki ni chumba kimoja. Wenye nyumba ni wasanii, mtu na mkewe. Mke ni mfinyanzi, mume ni mchoraji. Walinunua gereji ya zamani. Mbele wanalala, nyuma wanataka vyumba viwili vya kazi, kila mmoja na chake. Cha mke nilikimaliza mwezi wa kwanza pamoja na tanuri lake la kuchomea vyungu. Cha mume kuta zimefika usawa wa madirisha. Ni kazi ya wiki sita. Nikisema nane ni kwa heshima ya mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Mchoraji ameingia na kiti chake cha kukunja, akakaa katikati ya chumba kisicho na paa, akafumba jicho moja.

"Fundi, dirisha hili."

"Lina nini?"

"Mwanga unaingia kama mgeni aliyekosea nyumba."

Sikuelewa, ila nimebomoa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Nimepanga matofali chini ya turubai.

Jumanne, 11 Machi

Dirisha limehamia ukuta wa mashariki. Mfinyanzi amepita kuangalia, mikono udongo mpaka viwiko, akinisalimia hunipa kifundo cha mkono. Huyu mama ni mtu wa kazi. Chumba chake alikihamia hata mlango haujafika, akaning'iniza plastiki, akaanza kuzungusha gurudumu lake siku hiyo hiyo.

"Kaka, dirisha si lilikuwa kule?"

"Lilikuwa."

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama mawingu. Wenyewe kwa wenyewe huitana "mwenzangu", tena kwa sauti laini sana. Mimi sauti laini sana huwa siziamini.

Jumamosi, 15 Machi

Mfuko wa saruji umekutwa wazi, maji yameingia, umekuwa jiwe. Niliufunika mwenyewe jana na kuweka tofali mbili juu ya plastiki. Leo tofali ziko pembeni, moja juu ya mwenzake, zimenyooka. Upepo unaweza kuangusha tofali. Haupangi.

Nimemshuku seremala. Huyu tunamwita Nusu Inchi kwa sababu hakuna mlango aliowahi kutengeneza ukaingia bila kupungukiwa au kuzidi nusu inchi. Anakuja hapa siku tatu kwa wiki kwa ajili ya fremu na kenchi za paa. Nikamuuliza.

"Mimi nimwagie maji saruji yako?" akasema. "Nikitaka kukuharibia kazi si nakutengenezea mlango tu?"

Nikacheka. Lakini nimehamisha saruji iliyobaki, na sikumwambia nilikoiweka.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mke hakupiga simu, wala mimi sikupiga.

Jumatatu, 24 Machi

Timazi langu limepotea. Nimetafuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ukuta umesimama bila kazi, maana siwezi kuunyoosha kwa macho kama Nusu Inchi. Limekutwa ndani ya pipa la maji, limezamishwa na kamba yake imeviringwa vizuri. Mtu aliyelitupa alikuwa na huruma na kamba.

Na Mchoraji amekuja tena na kiti chake. Dirisha sasa liende ukuta wa nyuma.

"Bwana," nimemwambia, "jua linachomoza upande mmoja tu. Tukimaliza kuta zote nne, tutalitafuta wapi?"

Akacheka, akanipiga begani. Mkono mlaini, kucha safi. Nimeandika hilo ili nisilisahau: kucha safi. Mkewe nikimwona mtaani namjua kwa kucha tu.

Ijumaa, 28 Machi

Nusu Inchi amepandisha kenchi na mabati upande mmoja wa chumba. Mabati hayakutosha. Mfinyanzi akaenda kwenye kibanda chake cha kuanikia vyungu, akasema tuezue yale ya kwake tuyalete huku.

"Na vyungu vyako, dada?"

"Vitavumilia. Mwenzangu amengoja sana."

Tumeezua. Vyungu vibichi amevirundika ndani, chini ya meza, juu ya kitanda, mpaka kwenye kiti cha chooni. Mchoraji alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe cha chai. Hakusema asante. Alikuwa na uso wa mtu anayeona gari linamjia.

Jumatano, 2 Aprili

Siku mbaya. Mfinyanzi ameniita ndani, sijawahi kuitwa ndani. Mumewe alikuwa mezani anapuliza chai. Vyungu saba vimepasuka kwa unyevu, amevipanga sakafuni kama maiti.

"Fundi." Leo sikuwa kaka. "Ulisema wiki sita. Hii ni ya tano na chumba hakina hata dirisha."

"Dirisha limehama mara mbili, dada."

"Saruji nayo ilihama? Timazi nalo?" Akavuta pumzi. "Nimejenga na mafundi wengi. Najua fundi anayevuta kazi ili aendelee kuwa na kazi. Sikudhani wewe."

Nikamtazama mume. Nilisubiri aseme neno moja tu: mimi ndiye niliyehamisha dirisha. Alipuliza chai. Chai ile ilikuwa baridi, nilikuwa karibu, haikutoa hata moshi.

Miaka ishirini na sita ya mwiko. Nimeitwa mlevi, na kweli nilikuwa. Nimeitwa mbishi. Mvivu, leo ni mara ya kwanza. Nimerudi chumbani kwangu kwa miguu kwenye mvua ili nisiongee na mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Sasa namshuku mama mwenyewe. Pengine anataka nishindwe ili chumba kiwe ghala la vyungu vyake. Huku unaezua banda lako mbele ya watu, huku unazamisha timazi la fundi. Watu wanauma na kupuliza.

Nikifikiri zaidi naona si kweli. Lakini nimefikiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Jana kabla ya kuondoka nilinyunyiza chokaa kavu sakafuni, upande wenye paa, kama mtu anayetega panya. Leo asubuhi nimekuta nyayo. Za paka kwanza. Halafu za kandambili, kubwa, za mwanamume, zimekwenda mpaka kwenye fremu ya dirisha, zimesimama hapo, zimerudi.

Nusu Inchi havai kandambili, anaogopa misumari. Mwanamume mwingine hapa ni mmoja.

Nikapata sababu ya kuingia varandani, nikazitazama kandambili za Mchoraji. Zina chokaa. Zina matope. Tone la rangi hakuna. Nikatazama brashi zake kwenye kopo: zimekauka, ngumu kama mkia wa mbuzi aliyekufa zamani. Nikanusa kopo la tapentaini: kifuniko kimeshikana na kutu. Mimi mwiko wangu umelika upande wa kulia kwa sababu naufanyia kazi. Huyu ni mchoraji wa nini?

Jumatano, 9 Aprili

Nimefika saa kumi na mbili asubuhi, mapema kuliko kawaida. Nikasikia kukwangua. Mchoraji alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, ana kijiko cha jikoni, anachokonoa saruji mbichi niliyoishindilia jana pembeni mwa fremu. Kijiko! Mtu mzima, mwenye mke.

"Habari za asubuhi," nikasema.

Hakukimbia. Alikaa chini kwenye maji, akafuta kijiko kwenye suruali.

"Fundi, tangu uje hapa umeniona nikichora?"

"Nilidhani unachorea ndani."

"Ndani nalala."

Mvua ilikuwa inapiga nusu ya chumba, nusu yetu ilikuwa kavu. Akanieleza. Ni miaka miwili sasa. Kila akisimama mbele ya kitambaa mkono unakuwa wa mtu mwingine. Mkewe alipouliza, akasema tatizo ni nafasi, hana chumba, hana mwanga. Mkewe akasema basi tutajenga.

"Sikumwomba ajenge. Nilitaka tu aache kuniuliza."

"Na kikiisha?"

"Kikiisha sina cha kusema tena."

"Ukaniacha niitwe mvivu mezani kwako."

"Nikaacha," akasema. Angalau hilo hakulipaka sukari.

Nilikuwa na tusi tayari, zuri, la kwetu, linaanzia kwa babu wa mtu na kushuka ukoo mzima. Lakini akawahi: "Mwambie msingi umetitia. Useme lazima tungoje ardhi itulie. Nipe mwezi mmoja tu, fundi, labda utarudi."

Alikuwa anasema juu ya mkono wake. Nami, Mungu ananiona, sikutoa lile tusi. Nilisikia mdomo wangu ukisema: "Mwezi mmoja."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemdanganya Mfinyanzi. Nimempeleka kwenye kona, nikamwonyesha ufa wa lipu ambao hata mtoto angejua ni wa lipu. "Msingi umetitia kidogo. Ukiendelea kujenga sasa utapasuka wote." Ameitikia kwa kichwa taratibu. Akaniambia pole. Mimi!

Halafu nikampigia mke wangu, nikamwambia maneno yale yale. Msingi umetitia, lazima tungoje.

"Sawa," akasema.

"Si kosa langu, mama watoto."

"Nimesema sawa." Akakata.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua ndogo. Nimefua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mchoraji na mimi tunakaa chini ya mabati kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Yeye ananiletea chai, mimi namwambia habari za ujenzi. Ni mtu mzuri ukishamjua, ndiyo maana ni hatari. Ng'ambo ya ukuta gurudumu la mkewe linazunguka tangu asubuhi. Leo kimepasuka chungu kingine, tumesikia wote wawili. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumanne, 22 Aprili

Niandike ukweli, maana wa kumdanganya kwenye daftari hayupo.

Nilipoambiwa mwezi mmoja, kifua kilifunguka. Nilifurahi. Nimejiuliza siku kumi na tatu kwa nini, na jibu ninalo, nimekuwa nikilizunguka kama ng'ombe anazunguka kisima.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, miaka minne iliyopita, mke wangu alinipakulia kwenye sahani ya wageni. Hakukusudia ubaya, aliona ndiyo heshima. Mtoto mdogo akamvuta kanga, akauliza, "Mgeni analala wapi?" Walicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimepanga kukaa mwezi mmoja. Nilikaa siku tisa nikasema nimeitwa kazini. Sikuitwa na mtu.

Tangu hapo kila mwaka kuna kazi isiyoisha. Mwaka juzi ilikuwa shule. Mwaka jana kisima. Fundi mwenye jina haachi kazi njiani, nimeyasema hayo mpaka kwenye simu. Tangu Machi nimeshuku watu watatu na paka mmoja. Aliyeshika kalamu hii sijamgusa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nusu Inchi amekuja kuuliza kwa nini hajaitwa. Akachukua pima maji langu, akaliweka kwenye msingi, akalitazama, akalitazama tena. Kipovu kimetulia katikati kama mbunge.

"Huu umetitia kwa lugha gani?"

"Achana nao."

"Kaka, mimi nimezoea kukosea nusu inchi. Hapa sioni hata uzi." Akanikazia macho. "Si ulisema shemeji kakupa mpaka mvua zikatike?"

"Siwezi kuacha kazi nusu."

"Kwani umefungwa mguu? Mlango si ule pale? Tena nimeutengeneza mimi, haufungi vizuri hata ukitaka."

Sikucheka. Mvua zimeanza kuchoka. Leo imenyesha nusu saa tu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilisahau jambo moja, na Mchoraji aliyelala na mwanamke huyu miaka kumi na moja alilisahau pia. Ukimdanganya mfinyanzi, mdanganye juu ya mbao, juu ya chuma, juu ya bei ya misumari. Juu ya udongo usithubutu.

Asubuhi nimemkuta kwenye ile kona na jembe dogo. Amechimba pembeni ya msingi mpaka magotini. Ana donge mkononi, analikanda. Akalisokota likawa kamba, akaizungusha kidoleni kama pete, haikukatika.

"Kaa, kaka."

Nikakaa.

"Udongo huu nimeufanyia kazi tangu tuhamie hapa. Nusu ya vyungu vyangu vimetoka chini ya miguu yako. Hautitii. Ungekuwa unatitia ningekuwa wa kwanza kulia." Akaniwekea ile pete ya udongo kiganjani. "Nani amekutuma?"

Mumewe alikuwa nyuma yake mlangoni. Nilimwona, mkewe hakumwona. Mchoraji alitingisha kichwa, kidogo sana. Hapana.

Ningemtaja ningevunja nyumba kwa neno moja. Nisingemtaja ningekuwa mwongo na mvivu, na ndiyo habari ambayo ingetembea kwa kila mwenye kazi mjini hapa. Nilifikiri sana, lakini nilichosema sikukifikiri.

"Mimi. Sikutaka kiishe."

"Kwa nini?"

"Kikiisha lazima niende nyumbani."

Akajipangusa udongo mikononi. Kisha akasema chumba kiishe Jumamosi, au niondoke leo na vyombo vyangu. Akapita karibu na mumewe bila kumgusa. Sijui aliona nini usoni mwake.

Jumanne, 29 Aprili

Dirisha limeingia. Ukuta wa nyuma, lilipokuwa. Sikumuuliza mtu. Mchoraji akaja na kiti chake.

"Fundi, taratibu basi."

"Leta maji."

"Fundi..."

"Kiti kiache. Ndoo ile pale. Leta maji."

Akaleta.

Jumatano, 30 Aprili

Lipu ukuta wa mashariki na wa nyuma. Mchoraji amechekecha mchanga kutwa. Mikono imemtoka malengelenge.

Ijumaa, 2 Mei

Lipu imeisha. Sakafu imeisha. Ukuta wa mwisho nimemwachia Mchoraji ausawazishe mwenyewe, nikasimama nyuma yake. Ana mkono. Anajua wapi pa kukandamiza na wapi pa kupapasa. Ameumaliza, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ule weupe, jasho likamtoka kama mtu mwenye homa. Hapo ndipo nilipomwamini kabisa kwamba haigizi.

Hakukunyesha.

Jumamosi, 3 Mei

Nimewaita wote wawili saa tatu nikatoa ufunguo. Mfinyanzi amezunguka chumba, amepapasa kuta, amefungua na kufunga dirisha.

"Kizuri," akasema. Akamgeukia mumewe. "Haya, mwenzangu. Nikuletee vitambaa vyako?"

Nilikuwa nakusanya vyombo vyangu. Nilikusanya polepole, sioni haya kusema. Mchoraji alikuwa ameegemea ukuta ambao hata haujakauka, shati linanyonya maji.

"Usilete," akasema. "Hakuna picha. Miaka miwili hakuna. Dirisha nililihamisha mimi. Saruji mimi, timazi mimi, na msingi nilimwomba aseme. Huyu bwana hakuvuta kazi."

Nimesubiri mama alie. Hakulia.

"Niliezua banda langu," akasema. "Ulikuwa umesimama pale na chai."

"Nilikuwa nimesimama."

"Vyungu kumi na tisa. Kitandani tumelala na vyungu kama watoto, na wewe unapokea joto la mwili wangu ukijua."

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?" Akacheka, kicheko kibaya. "Nikufanye nini? Ningekupa udongo ukande, ungekaa nami. Huchori, huchori. Lakini kunifanya mjinga ndani ya nyumba yangu!" Akafika mlangoni, akarudi. "Mabati yangu yanarudi leo. Utayapandisha wewe. Na humu utaingia kila siku asubuhi na kutoka jioni, chora au usichore, uso kwa uso na huo ukuta. Nimechoka kuwa sababu yako ya kutochora."

Kisha akanijia. Akanyoosha mkono, si kifundo, kiganja chote na udongo wake. "Kaka, nisamehe nilikuita mvivu."

"Huko nilifika baadaye, dada. Wewe uliwahi tu kulisema."

Jioni nimewaona juu ya banda la vyungu. Mume anapigilia bati, mke ameshika ngazi. Walikuwa hawasemeshani. Sijui kama watabaki pamoja. Nimejifunza kutokuamini sauti laini, bado sijajifunza la kufanya na ukimya.

Jumapili, 4 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Nimempigia.

"Mama watoto, huko kunanyesha?"

"Kunadondoka."

"Hakuna msingi uliotitia."

Nikaendelea kabla hajakata.

"Na mwaka jana kile kisima kilikwisha mwezi wa tano. Nikakaa tu. Na ile mara ya mwisho sikuitwa kazini. Niliogopa."

"Uliogopa nini, mtu mzima wewe?"

"Nyinyi. Mlikuwa mmezoea bila mimi."

Nilisikia anahamisha sufuria. Mtoto nyuma yake akauliza nani huyo, akajibiwa nyamaza.

"Tulizoea," akasema. "Ulitaka tukae njaa tukikungoja?" Kisha akasema: "Njoo. Lakini usinishikie maneno. Sijasema utanikuta. Nimesema njoo."

Jumatatu, 5 Mei

Naandika haya kwenye foleni ya tiketi, daftari juu ya mfuko wa vyombo. Gari ni la saa nane. Watu walikuwa wanne mbele yangu. Akaja mama mmoja mwenye mtoto, nikampisha. Akaja mzee mmoja na fimbo, nikampisha, na kweli alikuwa mzee. Sasa kuna kijana nyuma yangu anasema ana haraka, mjomba naomba nipite, sekunde moja tu.

Nimemwambia hapana.